Saa Kumi na Mbili ya Wapi? Kisa cha Mgeni wa Msumbiji Aliyeachwa na Basi Masasi

Kisa ninachokieleza hapa kilitokea Masasi, mkoani Mtwara, katika nyumba ndogo ya kulala wageni ninayoisimamia jirani na stendi. Kinamhusu mama mmoja wa Montepuez, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, aliyekuwa amevuka mpaka kwa mara ya kwanza maishani mwake ili amfuate mdogo wake aliyeolewa Dar es Salaam. Aliachwa na basi. Kwa mtu anayeishi karibu na stendi hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa abiria huachwa na mabasi kila kukicha. Lakini mama huyu hakupitiwa na usingizi, hakuchelewa njiani, wala hakuwa mzembe. Alikuwa amefunga mizigo tangu usiku, tiketi ameishika mkononi, ameketi ukingoni mwa kitanda akisubiri saa iliyoandikwa ifike. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu sehemu ya kosa ilipitia mdomoni mwangu na vidoleni mwangu, na kwa sababu naamini si yeye peke yake aliyepatwa nalo miongoni mwa wanaoingia nchini kupitia kusini. Jina lake silitaji. Kukisimulia kisa ameniruhusu mwenyewe.

Aliingia kwa Daraja la Umoja, lile la mita 720 linalounganisha Mtambaswala, upande wetu wilayani Nanyumbu, na Negomano upande wa pili wa Ruvuma, ambalo Rais Kikwete wa Tanzania na Rais Guebuza wa Msumbiji walilifungua Mei 2010. Wapo watakaouliza kwa nini hakupita njia ya pwani, ya Palma hadi Kilambo. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, familia nyingi za Cabo Delgado huuliza kwanza usalama wa njia ndipo ziulize urefu wake. Kutoka mpakani alipanda gari hadi Mangaka, kiasi cha kilomita 65, akabadilisha gari jingine mpaka Masasi, na alifika mlangoni kwangu jioni ya Jumanne moja ya mwezi wa Julai, jua likiwa limeanza kuegemea milima ya mawe iliyouzunguka mji.

Nilipomuuliza baadaye ni kitu gani kilimgusa kwanza alipotia mguu Tanzania, nilitegemea anieleze juu ya ugeni wa mambo, naye akanieleza juu ya kufanana. Mikorosho ni ile ile, udongo ni ule ule, na akina mama waliopanda gari Mangaka walikuwa wanazungumza Kimakua ambacho alikifuata karibu chote, kwa kuwa Wamakua wa huku na wale wa Montepuez ni watu wa asili moja waliogawanywa na mto. Akiwa kwao husema *koxukhuru* anapotoa shukrani, na alipomsikia utingo akimwambia abiria "nashukuru" aligeuka akidhani ameitwa na mtu wa nyumbani. Hata Kireno chake kilimpa wenyeji fulani: meza aliijua, bendera aliijua, leso aliijua, kwa kuwa maneno hayo sisi tuliyapata kwa Wareno karne nyingi zilizopita na kwake yangali ya kila siku. Mimi aliniita "mana", na kwa siku nzima nilidhani ananiita mwana, jambo ambalo halikunisumbua kwa kuwa umri wake unamruhusu; ndipo nikafahamishwa kwamba kwao neno hilo maana yake ni dada.

Yale yaliyotofautiana waziwazi hayakumdhuru sana. Pale mpakani karanga zake zilikuwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ule tuuitao rambo, na akaelezwa kwamba mifuko ya namna hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Akanunua mfuko mbadala, akahamisha karanga, yakaisha. Fedha nazo zilimshtua. Nilipomwambia chumba ni shilingi 15,000 alirudi hatua moja nyuma, maana noti kubwa kuliko zote za kwao ni ya metikali 1,000, na masikioni mwake elfu kumi na tano ilikuwa bei ya ng'ombe. Kwa kuwa alishtuka, aliuliza. Na kwa kuwa aliuliza, tulikaa tukapiga hesabu pamoja kwamba metikali moja ni karibu shilingi 40, na chumba kikaonekana kuwa cha chini ya metikali 400. Watoto wa jirani walipomwamkia "shikamoo" alinyamaza kwa aibu, lakini bibi anayetufanyia usafi, ambaye ni Mmakua, alimnong'oneza "marahaba", na kuanzia hapo aliitikia vizuri kuliko vijana wengi wa mjini.

Natia mkazo mambo haya madogo kwa sababu ndiyo yanayofafanua lile kubwa. Kila palipoonekana tofauti, mtu alisimama, akauliza, akasaidiwa. Pale palipoonekana hakuna tofauti hakuna aliyeuliza, si yeye, si mimi, wala si mtu wa tiketi, na hapo ndipo alipoumia.

Tiketi ilikatwa jioni ile ile. Wakala alikuja mwenyewe hadi mapokezi, kama wafanyavyo wanapojua kuna msafiri, akaiandika kwa kalamu juu ya kaunta yangu. Niliiona ikiandikwa. Juu kulikuwa na jina la abiria, kisha safari, Masasi kwenda Dar es Salaam, kisha tarehe kwa tarakimu, namba ya siti, kiasi alicholipa, na chini kabisa mstari mmoja: "Kuripoti 11:30. Kuondoka 12:00." Baada ya hapo kulikuwa na onyo lililochapwa kwamba nauli ikishalipwa hairudishwi. Hakuna neno asubuhi, hakuna alfajiri, hakuna mchana. Wakala hakuona haja, kwa kuwa kwa mtu wa Masasi basi la Dar linaloondoka saa kumi na mbili haliwezi kuwa jingine ila la alfajiri. Angeandika "asubuhi" angekuwa kama anayeandika kwamba maji ni ya kunywa.

Mgeni aliisoma tiketi, akaniangalia. Nilielewa kwamba anataka kuhakikisha. Nikamwambia polepole, kama tunavyomwambia mtu asiyejua lugha, "Saa kumi na mbili, mama." Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hajanipata. Basi nikainua mikono yangu miwili, nikafungua vidole vyote kumi, nikavifumba, kisha nikainua viwili. Uso wake ukafunguka. Akarudia kwa Kireno, *doze*, akainua vidole vyake kumi na kisha viwili, tukacheka wote wawili kwa furaha ya watu walioelewana. Nilikuwa nimeamini kwamba vidole havina lugha. Nyuma yangu ukutani kulikuwa na saa ya mviringo, na kama ningegeuka tu nikaugusa mshale mfupi mahali utakapokuwa basi likiondoka, yaani kwenye 6, kisa hiki kisingekuwapo.

Usiku huo kazi ya kuwaamsha wasafiri ilikuwa ya mlinzi wetu, mzee makini ambaye hajawahi kumwacha mteja alale. Alibisha mlango wa mama saa kumi na moja kasorobo. Akauliza kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wengine, "Mama, wewe ni wa basi la leo?" Kutoka ndani akajibiwa "*Sim, sim*", na maneno mengine mawili asiyoyajua. Kireno hulitamka neno hilo kwa sauti inayoishia puani, na M yake haisikiki. Mzee wetu alisikia "si, si". Akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa mlangoni gizani: si wa leo. Akamwomba radhi kwa kumsumbua, akaenda mlango unaofuata. Mama naye alitazama simu yake, akaona saa 03:45, akadhani mlinzi anapita kuwajulia hali wageni, na hayo maneno mengine mawili yalikuwa ya kumwambia kwamba yuko salama. Alichosema ni "ndiyo, ndiyo", kikafika nje kuwa "hapana, hapana".

Mimi niliingia kazini saa mbili asubuhi. Kilichonishtua ni ubao wa funguo, kwa kuwa msumari wa chumba namba sita ulikuwa mtupu. Msafiri wa alfajiri huacha ufunguo kwa mlinzi, naye huutundika kabla hajaondoka. Nikaenda kubisha. Alinifungulia akiwa amevaa vizuri, kichwani kitambaa kipya, kapulana yake, yaani kitenge cha kwao, imekunjwa juu ya begi, na akanisalimia kwa uchangamfu wa mtu ambaye siku yake inakwenda sawa. Nikamwonyesha stendi kwa mkono, nikasema "basi", nikafanya ishara ya kitu kilichokwisha kwenda. Akatabasamu, akanyanyua vidole kumi, kisha viwili, kunikumbusha. Wakati huo basi lake limeshapita Ndanda zamani.

Nilimwita bibi wa usafi ili atufasirie, na uso wa yule mama ulivyobadilika Kimakua kilipomwingia sitausahau. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaifungua tena tiketi, akaisoma kwa sauti, kila tarakimu, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea kwenye barua, na hakupaona, kwa sababu hapakuwapo.

Sasa niseme kosa lilijengwaje. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahesabu saa za mchana tangu mapambazuko na saa za usiku tangu magharibi. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kuisha, saa sita ni jua la utosi, saa kumi na mbili jioni ni mchana kukamilika. Ni hesabu inayofaa sana nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hazipishani kwa kiasi kikubwa mwaka mzima, na inakwenda sambamba na desturi ya pwani ya kuianza siku mpya jua linapozama. Mzungumzaji wa Kireno huhesabu tangu katikati ya usiku, kwa hiyo 12:00 kwake ni adhuhuri. Kati ya hesabu hizo mbili kuna saa sita. Saa za ukutani tulizonazo zimetengenezwa kwa hesabu ya katikati ya usiku, nasi huzisoma kwa kuangalia namba iliyo upande wa pili wa ile inayoguswa na mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 6 tunasema kumi na mbili, ukiwa kwenye 9 tunasema tatu. Tumefanya hivyo tangu utoto kiasi kwamba hatujui kuwa tunatafsiri.

Juu ya hizo saa sita iliongezeka moja nyingine, ambayo hata bibi hakuijua. Msumbiji hutumia majira yaliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu hurekebisha saa yake yenyewe inapopata mtandao wa nchi uliyomo, lakini ya mama huyu haikuwa na mtandao wowote tangu avuke, kwa kuwa laini ya huku husajiliwa kwa alama za vidole na hati ya kusafiria, naye aliona afanye hivyo Dar akiwa na mdogo wake. Simu ikaendelea kuishi Montepuez. Kwa hiyo alipanga kufika stendi 11:30 ya simu yake, ambayo kwetu ni saa sita na nusu mchana, huku akitakiwa kuripoti saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tofauti ni saa saba kamili.

Jambo linalonigusa zaidi katika hesabu hii ni kwamba Masasi na Montepuez ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, zote mbili karibu na nyuzi 39 mashariki. Jua linalochomoza kwake linachomoza kwetu pia, kwa tofauti ya dakika chache. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45, ulio baharini mashariki mwetu, na saa ya Msumbiji kwenye nyuzi 30, magharibi mwa nchi hiyo. Ndiyo maana mwezi wa Desemba mtu wa Montepuez huliona jua likitoka kabla ya saa yake kufika 05:00, wakati jirani yake wa Masasi, akilitazama jua hilo hilo, saa yake inakaribia 06:00. Laiti tungelimwambia mgeni wetu juu ya jua badala ya namba, tusingekuwa na la kutafsiri, kwa kuwa jua lilikuwa letu sote.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya tiketi ile ile. Siku ya safari ilikuwa Jumatano, na bibi aliponisaidia kuzungumza naye niligundua kwamba hapo pia palikuwa na shimo ambalo hakutumbukia. Kwa Kireno siku huhesabiwa tangu Jumapili, hivyo Jumatatu huitwa ya pili, Jumanne ya tatu, na Jumatano ya nne. Sisi tunahesabu tangu Jumamosi, ambayo ndiyo mosi. Tano kwa Kimakua ni *thanu*, na mtu wa Montepuez akisikia "Jumatano" husikia siku ya tano, ambayo kwa Kireno ni Alhamisi. Alikiri kwamba mwanzoni alidhani hivyo. Lililomwokoa ni tarehe, kwa kuwa tarehe iliandikwa kwa tarakimu na nchi zote mbili huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka, na kalenda ni moja. Tarakimu za tarehe zilimwambia ukweli, akaziamini. Akaziamini na tarakimu za saa zilizokuwa chini yake, kwa kalamu ile ile, kwenye karatasi ile ile. Sioni kosa lake hapo.

Yupo aliyeniambia kwamba mgeni ndiye anayepaswa kujifunza desturi za anakokwenda. Nakubali kwa mambo yanayojionyesha. Mgeni huweza kuuliza kuhusu kile anachokiona kuwa kigeni, lakini hawezi kuuliza kuhusu kile kinachofanana na cha kwao, na 12:00 inafanana na 12:00 popote. Anayeweza kujua kwamba kuna hesabu mbili ni yule anayewapokea watu wa hesabu zote mbili, na hapo Masasi mtu huyo alikuwa mimi, kisha wakala. Mlinzi simlaumu, aliuliza swali sahihi kwa wakati sahihi, akaangushwa na neno moja. Wakala namlaumu kidogo, ingawa naelewa shida yake: akiandika 06:00 peke yake kwa ajili ya wageni, mzee wa kijijini ataisoma saa sita na atafika stendi adhuhuri, na walio wengi miongoni mwa abiria wake ni wazee wa vijijini. Kuandika namna moja peke yake, iwe ipi, kutamwacha mtu.

Lawama yangu mwenyewe ni kubwa zaidi kwa sababu niliona dalili. Alipofika jioni alinionyesha kwenye simu picha ya mdogo wake ili nione wanavyofanana, na juu ya kioo niliiona saa: 16:05. Saa yangu ya ukutani ilikuwa inasema kumi na moja na dakika tano. Niliona, nikafikiri simu yake imeharibika, nikasifu picha.

Tulikwenda kwa wakala sisi watatu, mimi, mgeni na bibi. Mwanzoni alisimama kwenye lile onyo lililochapwa. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba abiria hakuchelewa ila alisoma alichoandikiwa, nikamwomba atazame mwenyewe kama kuna neno lolote kwenye tiketi linalosema alfajiri. Akaitazama kwa muda. Kisha akasema hana mamlaka ya kufuta nauli yote, ila akilipa nusu atampa siti kesho yake. Tulilipa nusu, kwangu ilikuwa haki ya kiasi, si haki kamili. Upande wangu, usiku wa pili sikumtoza. Mwenye nyumba aliuliza kwa nini, nikamjibu kwamba mteja alilala usiku wa pili kwa vidole vyangu, akaliacha.

Jioni ile bibi alimweleza mgeni saa zetu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ikifundishwa, ingawa marehemu nyanya yangu naye alikuwa akiitumia. Alimtoa nje uani, akamgeuza uso kuelekea mashariki, akanyoosha mkono wake chini usawa wa ardhi na kusema "kumi na mbili", akauinua kidogo na kusema "moja", akauinua tena, "mbili", "tatu", mpaka mkono ukasimama wima juu ya kichwa, "sita", kisha akaushusha taratibu upande wa magharibi. Mgeni akafuata kwa mkono wake. Walifanya mara mbili, akina mama wawili wenye umri unaolingana, mikono yao ikipanda na kushuka pamoja, na mara ya pili mgeni alihesabu mwenyewe kwa Kiswahili bila kukosea.

Mimi nilichukua karatasi, nikachora mstari wa ardhi na jua likiwa bado chini ya mstari, kwa kuwa mwezi wa Julai basi hilo huondoka kungali giza, nikaandika "saa 12 alfajiri", chini yake "06:00", na chini yake tena "05:00" pamoja na mchoro wa simu yake. Nikamkabidhi mlinzi nakala, nikamwambia asimuulize swali, ambishie mpaka atoke. Haikuhitajika. Mzee alimkuta saa kumi alfajiri ameketi kwenye benchi la getini na begi lake miguuni, karatasi ameishika, akiangalia upande wa mashariki ambako hakukuwa na chochote ila nyota. Alimsindikiza stendi mwenyewe. Usiku ule mdogo wake alipiga simu kutoka Dar kutuambia amefika salama.

Tangu hapo mapokezi yana karatasi ukutani, chini ya saa, yenye safari za alfajiri zilizoandikwa kwa namna zote mbili na mchoro wa jua pembeni. Mgeni yeyote akitaja saa namwomba aniguse mshale kwenye saa ya ukutani, awe anajua Kiswahili au hajui, kwa maana hata wa Nairobi wamezoea kuchanganya hesabu zote mbili katika sentensi moja. Simu ya kila anayetoka ng'ambo ya mto naomba kuiona, na kama iko nyuma tunaisogeza pamoja kwa mkono. Wakala hakukubali kubadili kitabu chake cha tiketi, lakini nimeona sasa akiandika "alf." kwa herufi ndogo baada ya 12:00, walau kwa abiria wanaotoka kwangu.

Mama wa Montepuez alirudi mwishoni mwa Agosti akielekea nyumbani, akalala kwetu usiku mmoja. Asubuhi nilimsindikiza stendi kutafuta gari la Mangaka. Kijana wa tiketi alimwambia wanaondoka saa tatu. Hakutoa simu, ingawa safari hii ilikuwa na laini ya huku na inasema kweli. Aligeuka kuelekea mashariki, akanyoosha mkono wake usawa wa ardhi, akauinua mara moja, mara mbili, mara tatu, akausimamisha hapo hewani, akamtazama kijana kwa jicho la kuuliza. Kijana alilitazama jua, akautazama mkono, akasema, "Ndiyo, mama. Hapo hapo."